Kalamu ya Afisa Ugavi

Ukitaka kujua kama kitengo cha ununuzi cha halmashauri kina fundi au kina karani tu, usianze kwa kuangalia kiasi cha fedha. Chukua waraka wa zabuni ya matairi, nenda moja kwa moja kwenye vipimo, utafute mstari unaohusu tarehe ya kutengenezwa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 1822 lilitoka kiwandani wiki ya 18 ya mwaka 2022. Karani huandika ukubwa, 265/70 R16, idadi, na neno "mapya", basi. Fundi huongeza kwamba siku ya kupokelewa tairi liwe halijatimiza mwaka tangu litengenezwe, na kwamba matairi ya gari moja yawe ya jina moja na mchoro mmoja. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, na tairi la miaka mitano ambalo halijawahi kukanyaga lami bado ni "jipya" kwa lugha ya duka. Gari la wagonjwa litavaa hilohilo.

Kazi hii haina mashabiki. Afisa ugavi husikika mara moja kwa mwaka, ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapowasilishwa bungeni, na husikika kwa ubaya: walionunua bila ushindani, waliolipa kabla ya kupokea, walioshindwa kuonyesha hati za mapokezi. Sina ugomvi na ripoti hiyo. Bila hiyo tungeibiwa zaidi. Ila haina sura ya walionunua vizuri, na zabuni iliyoandikwa vizuri haizai habari: mafuta yapo, dawa zipo, lori la taka limepita asubuhi. Kwa kuwa mimi nina udhaifu wa kusoma nyaraka za zabuni, viambatisho na vyote, nitawasemea kidogo.

Ugumu wa kwanza ni kukieleza kitu kwa maneno, ili mtu usiyemjua akuletee hicho na si kingine. Jaribu na dawati la shule ya msingi. "Dawati imara la mbao" ni maneno yanayomruhusu mzabuni kuleta msonobari mbichi uliopakwa vanishi nzito. Basi utataja mbao: ngumu, iliyokauka, isiyo na vifundo wala matundu ya wadudu. Utataja unene wa ubao wa kuandikia kwa milimita, na utasema ni baada ya kupigwa randa, kwa sababu ubao wa inchi mbili ukishapita kwenye randa si wa inchi mbili tena, na mfanyabiashara anajua tofauti hiyo ina thamani gani ikizidishwa mara madawati mia tano. Utataja urefu wa kiti kwa watoto wa darasa la kwanza na urefu mwingine kwa wa darasa la saba. Kama miguu ni ya chuma, utasema kiungo kichomelewe mzunguko mzima, si kushikizwa nukta mbili ambazo zitaachia kabla ya mtihani wa muhula.

Ukimaliza kukaza, unarudi kulegeza, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Vipimo vikibanwa kupita kiasi vinamwelekea mtu mmoja, na washindani wake wanaona mara moja kwamba zabuni ina mwenyewe. Ndiyo maana kanuni za ununuzi zinakataa kutaja jina la kampuni isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kukieleza kitu, na hata hapo lazima uongeze "au inayolingana nayo". Mwandishi mvivu huona maneno hayo yamemwokoa. Mwandishi mzuri hujiuliza: inayolingana nayo kwa lipi? Akinunua pampu ya kisima hataji jina la mtengenezaji hata kidogo. Anataja lita kwa saa, mita ambazo maji lazima yapande, umeme uliopo kijijini, ukubwa wa bomba la kisima, na kwamba vipuri vipatikane nchini. Amefungua mlango kwa kila pampu inayoweza kazi hiyo, na amezifungia zote zisizoweza, bila kumtaja mtu.

Thamani ya ukurasa huo huonekana siku ya mapokezi. Lori limeegeshwa nje ya stoo, kamati ya ukaguzi imekaa, na mjumbe mmoja ameinua kitu mkononi.

"Kaka, hizi sizo tulizoagiza."

"Dada yangu, ni zilezile, kampuni tu ndiyo tofauti. Tena hizi bora zaidi."

Kama vipimo viliandikwa vizuri, dada habishani. Anafungua ukurasa, anachukua rula, anapima, anasaini au anakataa, na kaka anajua hana pa kukata rufaa. Kama viliandikwa vibaya, mabishano yanaanza, simu zinapigwa, na mwisho wa siku mzigo unaingia stoo kwa sababu ya nani anamjua nani.

Baada ya kitu chenyewe huja bei, na wasiojua hudhani kazi imekwisha: chukua ya chini. Lakini mkataba maalumu, ule unaoweka bei kwa mwaka mzima bila kuahidi kununua kiasi kamili, una mtego wake. Halmashauri inaorodhesha bidhaa na kiasi inachokadiria kutumia. Mzabuni mwerevu huangalia utakachonunua kweli. Umeandika rimu 200 za karatasi na mihuri 200. Yeye anajua hakuna ofisi inayomaliza mihuri 200. Ataweka muhuri kwa bei ya kutupa na karatasi kwa bei ya juu, jumla yake itakuwa ndogo kuliko ya wenzake, atashinda kihalali kabisa, kisha mwaka mzima utanunua karatasi. Dawa ya ujanja huo imo stoo, kwenye leja na kadi za bohari, ambako mtunza stoo ameandika kila rimu iliyotoka, tarehe, na aliyeichukua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Afisa anayekaa na mtunza stoo kabla ya kuandika zabuni atakadiria mihuri sita, na mtego utakosa pa kutegwa.

Mafuta yana utaratibu wake wa kupendeza. Tanzania Bara, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kukuahidi bei ya lita kwa mwaka mzima bila kukudanganya au kujiombea dua. Anayejua kazi haandiki tarakimu ya bei. Anaandika njia ya kuipata: bei kikomo ya mji huo siku ya kujaza, kutoa punguzo la shilingi kadhaa kwa lita, na ushindani unakuwa juu ya punguzo. Bei ya dunia ipande ishuke, hakuna anayekimbia mkataba. Akinunua kwa jumla anaongeza swali la joto: petroli hutanuka, na lita 10,000 zikipanda nyuzi 10 za Selsiasi huongezeka kama lita 95 bila tone jipya kuingia. Siku hizi taasisi nyingi hujaza kwenye vituo vya GPSA, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo imehamia huko. Bado napenda kuona halmashauri ambayo afisa wake anaielewa.

Kugawa zabuni katika mafungu nako ni kazi ya mkono. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni rahisi kutimiza tarakimu hiyo kwenye makaratasi. Ni vigumu zaidi kukaa na orodha ya mahitaji ukauliza, kikundi cha akina mama wenye vyerehani vinne kinaweza kushona nini, kwa kiasi gani, na kinaweza kusubiri malipo kwa muda gani kabla ya mtaji kukatika? Sare za wagonjwa, ndiyo. Mashuka ya wodi, ndiyo, ila yagawanywe kwa robo mwaka. Fungu likiwa kubwa mno, kikundi kitashinda kwa jina na tajiri wa mjini ndiye atakayeleta mzigo.

Zamani haya yote yaliishia kwenye sanduku lenye kufuli, na siku ya kufungua bahasha wazabuni walikaa kwenye mabenchi wakisikiliza bei zikisomwa kwa sauti. Siku hizi kazi hiyo imo kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, unaofunga na kufungua kwa saa yake wenyewe. Umeondoa visingizio vingi, na sina hamu ya kurudi kwenye sanduku. Haujaondoa tabia ya kunakili waraka wa halmashauri nyingine hadi jina lake likabaki ukurasa wa kumi na saba.

Hadi hapa nimezungumzia mnunuzi mmoja. Halmashauri zikinunua pamoja ufundi unapanda daraja, na mfano ninaoupenda kuliko yote ulianzia Dodoma mwaka 2014. Uliitwa Jazia.

Tatizo lilikuwa hili. Zahanati na vituo vya afya vya serikali huagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari ikiishiwa dawa fulani, kituo kinabaki na fedha mkononi, za Mfuko wa Afya ya Jamii, za bima, za uchangiaji, na rafu tupu. Mganga mfawidhi alitakiwa atafute ankara kifani kwenye maduka binafsi, azipeleke halmashauri, asubiri idhini, arudi mjini. Kwa makopo machache ya amoksilini. Kila kituo kilinunua kidogo, kila kimoja kwa bei yake, na hakuna aliyekuwa na uhakika wa ubora. Muuza dawa naye hakuwa na sababu ya kumpunguzia bei mteja wa makopo matatu.

Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa, pamoja na Dodoma mjini, ambayo wakati huo ilikuwa bado manispaa, zikaunganisha mahitaji yao. Kwa msaada wa Uswisi, mkoa ukatangaza zabuni ya kumpata mshitiri, yaani msambazaji binafsi wa kujaza pengo la Bohari. Mkataba ukafungwa katika ngazi ya mkoa kwa niaba ya halmashauri zote. Zahanati ya Chemba, iliyokuwa ikinunua kama mteja wa rejareja, ikaanza kununua kwa bei iliyopatikana kwa nguvu ya mkoa mzima.

Kununua pamoja kwa wingi ni wazo ambalo hata akina mama wa kikoba wanalo. Kilichonifanya niupende mpango huu ni mpangilio wa hatua. Kituo lazima kianze Bohari, kila mara. Bohari ikikosa dawa, hutoa taarifa ya kukosekana kwake, na taarifa hiyo ndiyo ufunguo wa mlango wa pili. Bila hiyo mshitiri haagizwi kitu. Maombi ya vituo yanapita kwa mfamasia wa halmashauri, yanajumlishwa, yanakwenda kwa mshitiri kama oda moja. Mzigo unarudi, unakaguliwa, unagawanywa.

Fikiria kama hatua ya kwanza isingekuwepo. Halmashauri zingezoea kumpigia simu mshitiri moja kwa moja, maana yuko karibu na analeta haraka. Bohari ingekosa oda, ingeshindwa kukadiria mahitaji ya mwaka ujao, ingeishiwa zaidi, na baada ya miaka michache mpango wa kujaza pengo ungekuwa umechimba pengo lenyewe. Mtu fulani, au kamati fulani, aliliona hilo kabla halijatokea, akaliziba kwa kipande cha karatasi. Sijui ufundi wa kiutawala unaozidi huo.

Mpango ulienda Shinyanga na Morogoro, na mwaka 2018 serikali ikaanza kuusambaza nchi nzima chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Haukumaliza uhaba wa dawa, wala haukuahidi. Na kila mkataba wa namna hii una maswali ambayo mwandishi wake lazima ayajibu mapema, maana yakijitokeza katikati ya safari hayana jibu la upole. Halmashauri moja isipolipa kwa wakati, msambazaji aisitishie hiyo peke yake au aubane mkoa wote? Akileta nusu ya oda, nusu hiyo inagawanywaje: anayeagiza kwanza apate yote, au kila mtu apunguziwe? Dawa iliyobakiza miezi minne kuisha muda inapokelewa kwa sababu wodi ni tupu, au inarudishwa kwa sababu kanuni ni kanuni? Ukitaka kujua ubora wa mkataba wa pamoja, tafuta majibu ya maswali ya namna hii. Makaribisho ya mwanzoni, yale ya "pande zote mbili zimekubaliana kwa moyo wa ushirikiano", unaweza kuyaruka.

Hadi hapo, angalau, kuna muuzaji. Ukichoka naye unamwadhibu kwa fidia ya ucheleweshaji, unavunja mkataba, unamtafuta mwingine. Makubaliano kati ya miji jirani hayana raha hiyo. Jirani hafukuzwi. Pande zote mbili ni serikali, zote zina baraza la madiwani, zote zina wapiga kura, na hakuna meya anayetaka kuonekana amesaini karatasi inayompa mwenzake faida. Kalamu inayoandika hapa lazima iwe na adabu zaidi, na iwe makini zaidi.

Dar es Salaam imejifunza somo hili kwa taka. Miaka ya 1980 taka za jiji zilitupwa Tabata, katikati ya makazi, na wakazi wakaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliamuru Halmashauri ya Jiji iache kutupa taka pale. Dampo likahamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Wakati huo jiji lenyewe likawa linagawanyika: Ilala, Kinondoni na Temeke zikawa manispaa mwaka 2000, baadaye zikaja Ubungo na Kigamboni. Manispaa ziliongezeka, dampo halikuongezeka. Pugu Kinyamwezi liko Ilala, na malori ya Kinondoni yalipaswa kufika hukohuko. Juu ya manispaa zote ilikaa Halmashauri ya Jiji kwa mambo yanayovuka mipaka.

Ukae sasa na kalamu uandike masharti ya dampo la pamoja. Utawatoza majirani kwa kipimo gani? Ukitoza kwa safari, kila lori litajazwa hadi taka zimwagike barabara nzima ya Pugu. Ukimlipa mkandarasi wa kuzoa kwa safari, ni kinyume chake: malori yatakuja nusu tupu, mara mbili kwa siku. Ukimlipa kwa tani, taka zitakuja zimelowa maji, na mchanga wa kutosha chini. Ukimlipa kiasi kilekile kwa mwezi, hatakuja kabisa mvua za masika zikianza. Kila kipimo kina tabia inayokizunguka, na mwandishi mzuri anazijua tabia hizo kama mvuvi anavyoujua upepo wa kusi na wa kaskazi. Hatafuti kipimo kisicho na hila, hakipo. Anachagua kile ambacho hila yake anaweza kuiona kwa macho, kisha anaweka mtu wa kuiangalia: tani, pamoja na mizani inayofanya kazi, na kifungu kinachosema mizani ikiharibika hesabu itafanywaje hadi itengenezwe. Kifungu hicho cha mizani mbovu ndicho kinachotumika zaidi.

Pwani ya Kenya wanagawana kitu kizito kuliko taka. Mombasa ni kisiwa chenye maji pande zote, na maji matamu ya kuitosha hakina. Yanatoka Mzima, chemchemi iliyo ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950 ambalo huteremka kilomita zaidi ya 200 hadi baharini kwa nguvu ya mteremko. Yanatoka Marere na visima vya Tiwi, Kwale. Yanatoka Baricho, kando ya mto Sabaki, Kilifi, ambako pampu za umeme huyasukuma pia hadi Malindi na Kilifi. Katiba ya 2010 ilipokabidhi huduma za maji kwa kaunti, picha ikawa hivi: kaunti yenye watu wengi na chemchemi chache, imezungukwa na kaunti zenye chemchemi, na katikati yao wakala wa kitaifa anayetunza mabomba makubwa na kuziuzia maji kwa jumla kampuni za kaunti. Taita Taveta inauliza, Mzima ni yetu, fungu letu liko wapi? Mombasa inajibu kwamba inalipa bili. Wakala anauliza, bili ipi hiyo iliyolipwa?

Siasa ya jambo hili huandikwa magazetini kila kiangazi. Mimi hunivutia jambo dogo: mita iko wapi? Bomba la kilomita mia mbili huvuja, hutobolewa na wanaochepusha maji, na tembo wa Tsavo nao hawasomi vibao. Mita ikifungwa mwanzoni mwa bomba, mnunuzi analipia kila tone linalopotea njiani. Ikifungwa mwishoni, muuzaji ndiye anayebeba hasara, na ghafla ana sababu nzuri ya kutuma mafundi wa kuziba. Sentensi moja kuhusu mahali pa mita inaweza kuamua kama bomba litatengenezwa au litaachwa kuvuja. Wahandisi wanajua hivyo. Jambo la kufurahisha ni kumkuta mwanasheria wa kaunti aliyekubali kukaa nao hadi akaelewa.

Sentensi ya pili ninayoitafuta inahusu kiangazi. Ukiandika kwamba mji fulani utapata mita za ujazo kadhaa kwa siku, umeandika ahadi ya mwaka wa mvua. Maji yakipungua, mwenye ahadi ya kwanza atadai zake zote na wa mwisho bombani atabaki na hewa. Makubaliano yaliyotulia hugawa kwa uwiano: chanzo kikishuka kwa robo, kila mmoja anashuka kwa robo, isipokuwa hospitali. Hakuna anayefurahi, na hakuna anayeweza kusema amelengwa.

Wapo waliotangulia katika mambo haya. Ufaransa, nchi ya maelfu ya wilaya ndogondogo zenye meya kila moja, ilipitisha sheria ya Machi 22, 1890 iliyoziruhusu kuunda vyama vya pamoja vya kuendesha huduma. Kule California, mji wa Lakewood ulipopata mamlaka yake mwaka 1954, haukuunda polisi wake. Uliinunua huduma hiyo, na nyingine nyingi, kwa mkataba kutoka kaunti ya Los Angeles. Miji mingine ya jirani ikaiga. Nchi tajiri zenye miji iliyojaa wafanyakazi ziliona hakuna aibu ya kuazimana.

Kwetu nafasi ya kisheria ipo. Katiba ya Kenya, Ibara ya 189, inaziruhusu serikali za kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kinachopungua ni watu wenye subira ya kuandika vifungu vya katikati, na fundi wa mikataba, kama fundi cherehani anayejua mtoto atakua, lazima aache upindo: nafasi ya kuongeza mwanachama, kubadili kiasi, kupitia bei upya kila baada ya muda uliotajwa, bila kulifumua vazi zima.

Kifungu kinachoonyesha zaidi uzoefu wa aliyeandika ni kile cha kuachana. Hakuna anayependa kukijadili siku ya kutia saini, kamera zipo na wageni waheshimiwa wamekaa. Lakini Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Chombo kilichokuwa kikisimamia mambo ya pamoja ya manispaa tano kikaondoka kwa tangazo. Kila kilichokuwa cha wote kikahitaji mwenyewe mpya: mali, madeni, watumishi, mikataba na wakandarasi, na dampo la Pugu likapokea malori siku iliyofuata kama kawaida, maana taka hazisubiri tangazo la gazeti la serikali.

Mwandishi aliyekomaa hukiandika kifungu hicho mapema, wakati majirani bado wanapendana. Anaorodhesha mali moja moja: katapila, mizani, uzio, kiwanja. Mbele ya kila moja anaandika nani aliinunua, kwa fedha za nani, na ikibaki itakuwa ya nani na kwa thamani itakayokadiriwa na nani. Anaandika nani atasafisha maji machafu yanayotiririka kutoka kwenye dampo miaka ishirini baada ya kufungwa, kwa sababu hiyo ndiyo mali ambayo hakuna manispaa itakayoigombania. Anaandika miezi mingapi ya notisi. Kisha anaipeleka rasimu kwa mwanasheria, anarudishiwa na alama nyekundu, anaanza tena kuanzia kifungu cha mizani.